Skrini Yenye Pikseli Nyingi na Herufi Zisizosomeka

Miongoni mwa laptopu zilizotumika zinazofika Mtwara na Lindi kupitia maduka ya Dar es Salaam, zimo zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wahandisi na wasanifu wa picha, zenye skrini ya inchi 15.6 tu lakini iliyojaa pikseli sawa na televisheni kubwa ya sebuleni. Karani wa chama cha msingi cha ushirika akinunua mashine ya namna hiyo huvutiwa kwanza na picha zake, lakini akifungua jedwali la kilo za korosho hukuta tarakimu zimekuwa ndogo kiasi kwamba 3 na 8 hazitofautiani mpaka ainame. Huamua kwamba macho yake yamechoka, au kwamba skrini ni mbovu. Fundi naye, kwa nia njema kabisa, hushusha rezolusheni. Herufi zinakuwa kubwa, zinakuwa na ukungu, na shauri linaishia hapo. Makala haya yanaeleza kwa nini tiba hiyo iliyozoeleka ndiyo inayopaswa kufikiriwa mwisho, na ni mambo gani ya kurekebisha kabla ya kuifikia.

Skrini ya laptopu ni safu juu ya safu za nukta za mwanga ziitwazo pikseli, na idadi yake haibadiliki tangu ilipotoka kiwandani. Rezolusheni ni hesabu ya nukta hizo: 1366 kwa 768 katika laptopu za bei nafuu za miaka iliyopita, 1920 kwa 1080 katika nyingi za sasa, na 3840 kwa 2160 katika zile zinazoitwa 4K. Hesabu hiyo peke yake haituambii herufi itaonekana kubwa au ndogo. Kinachotuambia ni msongamano, yaani ni pikseli ngapi zimebanwa ndani ya kila inchi moja. Msongamano hupatikana kwa kuchukua mraba wa hesabu ya upana, kuujumlisha na mraba wa hesabu ya kimo, kutafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha kugawanya kwa inchi za skrini zinazopimwa kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Kwa skrini ya inchi 15.6, rezolusheni ya 1366 kwa 768 inatoa takriban pikseli 100 kwa inchi, ile ya 1920 kwa 1080 inatoa 141, na 4K inatoa 282. Skrini ya inchi 14 yenye 1920 kwa 1080, ambayo ndiyo iliyoenea katika laptopu za ofisini, ina pikseli 157 kwa inchi.

Tatizo lilianza kwa sababu programu za zamani zilipima kila kitu kwa kuhesabu pikseli, si kwa milimita. Mtu anayetunga ua la shanga kwa kuhesabu shanga kumi na sita atapata ua kubwa akitumia shanga nene na ua dogo akitumia shanga nyembamba, ingawa hesabu yake haikukosewa hata kidogo. Mfumo wa Windows ulijengwa juu ya dhana kwamba kila inchi ya skrini ina pikseli 96. Wachapaji hupima herufi kwa pointi, na pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi. Kwa hiyo herufi ya pointi 12, ambayo ni kipimo cha kawaida cha barua za ofisi, huchorwa ndani ya kimo cha pikseli 16. Katika skrini yenye pikseli 100 kwa inchi, kimo hicho ni milimita 4 na kidogo, karibu sawa na kilivyo kwenye karatasi. Katika skrini ya 4K ya inchi 15.6, pikseli zilezile 16 zinakuwa na kimo kisichofika milimita moja na nusu. Na kwa kuwa herufi ndogo kama a au e hutumia karibu nusu tu ya kimo hicho, msomaji anabaki na alama isiyozidi robo tatu ya milimita. Hakuna sababu ya kuyalaumu macho hapo.

Swali linalofuata ni la haki: ikiwa pikseli nyingi zinaleta taabu hii, zina faida gani? Jibu linatokana na uwezo wa jicho lenyewe. Jicho lenye uoni wa kawaida linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu ya sitini ya digrii. Kwa mtu aliyekaa sentimita 50 kutoka kwenye skrini, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.145, kipimo ambacho kinalingana na pikseli 175 kwa inchi. Chini ya msongamano huo jicho linaweza kuona ngazi ndogondogo kwenye mikunjo ya s na kwenye miguu ya k. Juu yake ngazi hizo hutoweka na herufi hukaribia ulaini wa wino. Faida ya pikseli za ziada, basi, si kujaza vitu vingi zaidi kwenye skrini, bali ni kuchora kila herufi ileile, kwa ukubwa uleule, kwa nukta nyingi zaidi. Kampuni ya Apple ilipoleta MacBook Pro ya mwaka 2012 yenye pikseli 2880 kwa 1800, haikuwaachia watumiaji herufi za kusoma kwa darubini. Mfumo wake ulichora kila kitu kana kwamba skrini ni ya 1440 kwa 900, huku kila nukta moja ya hesabu ikijengwa kwa pikseli nne halisi.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu herufi za kompyuta haziko tena katika hali ya picha zilizokwisha kuchorwa. Tangu teknolojia ya TrueType ilipotoka mwaka 1991, na kuingia katika Windows 3.1 mwaka uliofuata, fonti zimekuwa zikihifadhiwa kama maelezo ya mistari na mikunjo, na kompyuta huzichora upya kwa kila ukubwa unaotakiwa. Ukiiagiza kuchora a kwa pikseli 40 badala ya 16, haivuti ile ndogo. Inachora mpya, kamili, yenye kingo safi. Agizo hilo ndilo ninaloliita ukuzaji katika makala haya, na ndiyo dawa ya kwanza.

Katika Windows 10 na Windows 11, ukuzaji unapatikana kwa kufungua Settings, kisha System, kisha Display, halafu sehemu iliyoandikwa Scale. Hapo utakuta asilimia: 100, 125, 150, 175 na kuendelea, na moja kati yake imeandikwa kwamba inapendekezwa. Laptopu ya inchi 14 yenye pikseli 1920 kwa 1080 kwa kawaida hupendekezewa asilimia 150, na ile ya 4K ya inchi 15.6 hupendekezewa asilimia 250. Mara nyingi aliyeuza mashine, au aliyeifuta na kuweka mfumo upya, huiacha kwenye asilimia 100 au 125 kwa kuwa ndivyo alivyozoea, na mnunuzi anadhani hiyo ndiyo hali yake ya asili. Ukuzaji una gharama moja ya wazi: skrini ya 4K kwenye asilimia 250 ina nafasi ya kazi sawa na skrini ya 1536 kwa 864, kwa hiyo safuwima chache zaidi za jedwali zitaonekana kwa wakati mmoja. Anayefanya kazi ya majedwali mapana huenda akaridhika zaidi na asilimia 200, ambapo nafasi inakuwa sawa na 1920 kwa 1080. Hilo ni suala la mapatano kati ya macho na kazi, wala asilimia inayopendekezwa si amri.

Kuna njia ya kupima ambayo naiona bora kuliko kukisia. Chukua karatasi ya A4 iliyochapishwa kwa herufi za pointi 12, iweke juu ya skrini, kisha kuza waraka katika programu ya kuandikia mpaka upana wa ukurasa unaoonekana ulingane na sentimita 21 za karatasi. Sasa herufi za skrini na za karatasi ni sawa kwa rula. Lakini ukikaa mahali pako pa kawaida bado zile za skrini zitakuwa ndogo machoni, kwa sababu karatasi huishika karibu, kama sentimita 40, na skrini iko mbali, kama sentimita 55 au 60. Ili jicho lipokee ukubwa uleule inabidi herufi ya skrini iizidi ya karatasi kwa karibu mara moja na nusu. Watu wengi wanaodai kwamba hawawezi kusoma kwenye kompyuta mpaka wachapishe hawajawahi kupewa nafasi ya kusoma herufi zenye ukubwa unaolingana na umbali wao.

Turudi kwa fundi anayeshusha rezolusheni. Skrini ya pikseli 1920 ikiagizwa kuonyesha 1366, pikseli zake hazipungui. Kila nukta inayoagizwa inalazimika kutandazwa juu ya pikseli 1.4. Kwa kuwa hakuna sehemu ya pikseli inayoweza kuwaka peke yake, mashine huchanganya rangi za jirani, na mstari mweusi wa l unakuwa na kivuli cha kijivu pembeni. Huo ndio ukungu. Hali huwa nafuu pale mgawanyo unapokuwa kamili, kama 4K ikishushwa hadi 1920 kwa 1080, ambapo kila nukta hupata mraba wa pikseli nne. Hata hapo, hata hivyo, umelipia ulaini wa herufi na kuutupa. Wanaoshusha rezolusheni wakitumaini kuokoa betri pia hawapati walichotarajia, kwani katika skrini za kawaida mlaji mkubwa ni taa ya nyuma, nayo inawaka vilevile. Rezolusheni ibaki ile ya asili, na ukuzaji ndio ubadilishwe.

Baada ya ukuzaji huzuka lalamiko la pili, nalo ni la kweli: programu nyingi zimekuwa kubwa na safi, ila moja au mbili zimekuwa kubwa na zenye ukungu. Hizo ni programu zilizoandikwa bila kufahamu kwamba kuna ukuzaji. Windows inapoziona, huziacha zijichore kwa hesabu ya zamani, kisha huvuta picha nzima kama mtu anayepanua fotokopi. Programu za zamani za uhasibu ni maarufu kwa tabia hii, na programu za Java zilizojengwa kabla ya toleo la 9 la mwaka 2017 nazo hazikuwa na msaada wa skrini za aina hii katika Windows. Rekebisho lake limefichwa kidogo. Bofya kwa kitufe cha kulia alama ya programu husika, chagua Properties, kisha Compatibility, kisha Change high DPI settings, uweke alama kwenye kisanduku cha Override, halafu katika orodha iliyo chini yake uchague System (Enhanced). Chaguo hilo huiruhusu Windows kuchora upya maandishi ya baadhi ya programu za zamani badala ya kuyavuta. Haliponyi zote, na kwa isiyopona inabidi kuchagua kati ya herufi kubwa zenye ukungu na herufi safi lakini ndogo. Mimi kwa kazi ya tarakimu ningechagua kubwa. Aidha, baada ya kubadili asilimia ya ukuzaji ni vyema kutoka kwenye akaunti yako na kuingia tena, kwa kuwa zipo programu zinazosoma kipimo hicho mara moja tu, wakati wa kuingia.

Windows ina pia kitelezi kingine, kilichomo katika sehemu ya Accessibility chini ya jina Text size, ambacho hukuza maandishi peke yake hadi asilimia 225 bila kugusa picha na vitufe. Humfaa anayeona vitufe vinatosha lakini majina ya mafaili hayasomeki.

Kwenye kivinjari hali ni rahisi zaidi. Kubonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha hukuza ukurasa, Ctrl na sifuri huurudisha, na kivinjari hukumbuka kipimo ulichokiweka kwa kila tovuti. Kurasa zilizotengenezwa vizuri hupanga upya mistari ili ienee ndani ya dirisha, jambo ambalo faili za PDF hazifanyi, kwa sababu PDF ni ukurasa uliogandishwa: ukiukuza, unalazimika kuusukuma kulia na kushoto kwa kila mstari. Kwa mwalimu anayesoma mihtasari ya masomo au mwanafunzi mwenye vitabu vya PDF, msaada mkubwa ni kuonyesha ukurasa kwa upana wote wa dirisha badala ya ukurasa mzima kwa kimo. Nyaraka zilizopigwa skani ni habari nyingine. Hizo ni picha, na picha iliyopigwa kwa ubora hafifu haitaokolewa na skrini ya aina yoyote wala asilimia yoyote, ipigwe upya.

Wenye Linux watakuta katika GNOME ukuzaji wa asilimia 100 na 200 na, katika matoleo mapya ya Ubuntu, asilimia za katikati pia. Wenye Mac hawana la kufanya zaidi ya kuchagua kati ya maandishi makubwa na nafasi kubwa katika sehemu ya Displays.

Laptopu ikiunganishwa na projekta ukumbini, kwa mfano katika mkutano mkuu wa chama cha ushirika, watu hushangaa kuona skrini ya laptopu yenyewe imebadilika na kuwa na ukungu. Sababu ni kwamba katika hali ya kunakili, ambapo pande zote mbili zinaonyesha kitu kilekile, Windows hutafuta rezolusheni moja ambayo pande zote zinaiweza, na projekta nyingi zina pikseli chache kuliko laptopu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague Extend, na kila upande utatumia rezolusheni na ukuzaji wake.

Mpaka hapa tumezungumzia ukubwa, lakini ukubwa si usomekaji wote. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na pengine sentensi nzima. Na ofisi zetu zina mapenzi makubwa ya kunyoosha maandishi pande zote mbili. Muungano wa mambo hayo mawili katika safu nyembamba huleta mianya mikubwa katikati ya mistari, hasa pale neno kama waliokwishaandikishwa linapokosa nafasi na kusukumwa chini. Kwenye karatasi mianya hiyo inavumilika. Kwenye skrini, jicho linalorukia mstari unaofuata hupotea njia. Waraka wa kusomwa kwenye skrini na unyooshwe upande wa kushoto pekee, mstari wake usizidi herufi 80 hivi, na nafasi kati ya mistari iwe moja na nusu. Fonti nayo ina neno lake. Verdana, iliyosanifiwa na Matthew Carter na kutolewa na Microsoft mwaka 1996, ilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya skrini, ikiwa na herufi pana zilizoachana na tofauti ya wazi kati ya I kubwa, l ndogo na tarakimu 1; umuhimu wake unaonekana ukiandika ililipwa kwa fonti iliyobanana, ambapo nusu ya neno hugeuka kuwa safu ya vijiti. Si lazima iwe Verdana, mradi fonti isiwe nyembamba wala isiwe na rangi ya kijivu juu ya nyeupe. Miongozo ya kimataifa ya upatikanaji wa maudhui ya wavuti inataka uwiano wa utofauti kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake usipungue 4.5 kwa 1, na kurasa nyingi zinazosifiwa kwa urembo hushindwa kipimo hicho.

Mandhari meusi yenye maandishi meupe yamesifiwa kupita kiasi, kwa maoni yangu. Usiku, katika chumba chenye giza, yana nafuu. Mchana wa Mtwara yanageuza skrini kuwa kioo cha kujitazamia, hasa ikiwa ni ya kung'aa, na mwenye astigmatizimu, yaani kasoro ya mviringo wa jicho, huona herufi nyeupe zikitawanya mwanga pembeni. Skrini ya kawaida ya laptopu hutoa mwanga wa nits 250 hadi 300 (nit ni kipimo cha mwangaza wa skrini), kiasi kinachotosha ndani ya ofisi lakini kisichoweza kushindana na jua, na mwezi Oktoba, minada ya korosho inapoanza, jua la saa sita katika latitudo yetu huwa karibu utosini kabisa. Anayefanya kazi barazani au ghalani hana budi kukaa mahali ambapo mwanga mkali unatoka ubavuni, wala si nyuma yake wala mbele yake, na kuongeza mwangaza wa skrini mpaka ukurasa mweupe ulingane na karatasi nyeupe iliyo pembeni. Vumbi na chumvi ya upepo wa bahari navyo hupunguza utofauti. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo, mashine ikiwa imezimwa, kinatosha kuviondoa.

Lipo hatimaye suala la miwani, kwa kuwa kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi ya jicho hupoteza uwezo wa kujikunja kwa ajili ya vitu vya karibu. Wengi hununua miwani ya kusomea dukani na kushangaa kwamba inasaidia kwenye kitabu lakini si kwenye kompyuta. Lenzi yenye namba +2.50, kwa mtu ambaye huona mbali bila miwani, huonyesha vizuri hadi sentimita 40 tu, na skrini iliyo sentimita 60 iko nje ya mpaka huo, hivyo mvaaji huinama mpaka shingo iume huku akiendelea kuongeza asilimia za ukuzaji bila mafanikio. Lenzi ya +1.50 mpaka wake ni kama sentimita 67. Kabla ya kwenda kwa mtaalamu wa macho, kaa mbele ya laptopu kama unavyokaa siku zote, mwambie mtu apime kwa utepe umbali kutoka kwenye jicho hadi kwenye skrini, na uende na kipimo hicho, kwa sababu asipoambiwa atakupimia umbali wa kitabu.